Kisasi Ndani ya Wavu: Mpira wa Kushoto

Tulimwacha Ondrej Hudak kidole kimenyooka. Refa ametoa mipira miwili kwenye mfuko wa mipira ili mgeni achague wa kuchezea, na mgeni amechagua wa kushoto. Malachy Garrity, nahodha wa Brannock, ameutazama mpira huo na damu imemhama usoni.

Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza mwanamume mzima ataogopaje mpira wa ngozi. Ndugu yangu, kaa chini. Leo utajua.

"Huo wa zamani," Garrity alisema. "Chukua huu mwingine, bado mpya."

"Nimeupenda huu huu," Ondrej akajibu.

Refa Pugh, mtu wa Wales, mkavu na asiyependa maneno mengi, aliudundisha mara mbili. Ukadunda. Akamgeukia Garrity akamwuliza mpira una kasoro gani.

Mtego ukafyatuka hapo. Garrity akisema una kasoro, ataulizwa ameijuaje. Akinyamaza, itambidi acheze nao. Ukumbi wa Brannock ulikuwa umefurika mchana ule wa Mwaka Mpya, wachimba makaa na wake zao wamebanana hadi kwenye ngazi, na wote walikuwa wanamtazama kupitia wavu wa waya uliouzunguka uwanja pande zote nne.

"Hauna kitu," Garrity akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemeza mfupa.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nitasema upesi. Enzi hizo, katika mpira wa kikapu, faulo ikichezwa, hatupi aliyechezewa. Kila timu humwandikisha mtu mmoja kwa refa kabla ya mchezo, na huyo ndiye hutupa adhabu zote za siku hiyo, awe amechoka, awe anavuja damu. Miaka mitatu iliyopita, kwa Brannock, mtu huyo alikuwa Ondrej Hudak, mtoto wa mchimba makaa wa Kislovaki, ambaye magazeti yalimwita Mkono Usiokosa. Alilipwa kucheza, na watu walipanda treni kutoka miji saba kuja kumtazama akitupa.

Ikaja fainali dhidi ya Wexton. Ondrej akatupa adhabu kumi na mbili, ikaingia moja.

Mji ukasema ameuza mechi. Wakamkamata mlangoni mwa wavu, mhunzi wa mgodi akamvunja kidole kidogo cha mkono wa kushoto, wakamtupa ndani ya behewa la makaa. Lakini kidole si kilichomuuma. Kilichomuuma ni baba yake, mzee Juraj, aliyesimama stesheni kofia mkononi na asiseme neno. Tangu siku hiyo mzee hajajibu barua hata moja.

Mwaka jana mwezi wa tisa, mama Mrazová, mjane wa fundi ngozi, alimtumia Ondrej kifurushi huko Port Alder anakochezea sasa. Ndani mlikuwa na mpira wa fainali ile. Mumewe alikuwa amekiri kabla ya kukata roho kwamba Garrity alimletea mpira huo amshonee kitu kizito upande mmoja, kati ya ngozi na bitana, ili usiende unakotumwa. Mtupaji wa Wexton alipewa wiki nzima auzoee. Baada ya fainali Garrity aliagiza uchomwe moto, lakini fundi ngozi gani huchoma ngozi nzuri?

Ondrej hakwenda polisi. Mkuu wa polisi wa Brannock amemwoa dada yake Garrity, na kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Alitaka kitu kitamu zaidi. Miezi mitatu mfululizo, kila asubuhi, alitupa mpira ule mpotovu hadi mkono wake ukaujua kama unavyojua njia ya mdomoni. Kisha akaurudisha kwa mama Mrazová, ambaye siku hizi hufagia ukumbi na kuutunza mfuko wa mipira.

Na tangu Ondrej afukuzwe, nani huitupia Brannock adhabu zake? Garrity mwenyewe.

Basi mpango ulikuwa huo. Garrity aitwe muuza mechi kwa saa moja tu, aujue utamu wake. Halafu mpira upasuliwe mbele ya mji mzima. Na katika mji mzima, Ondrej alimtaka mtu mmoja aone, naye alikuwa amekaa safu ya tatu nyuma ya kikapu cha mashariki. Mzee Juraj alikuwa amekuja.

Dakika ya pili, faulo ya kwanza. Ondrej akaenda kwenye mstari.

Wenyeji walimpokea kwa desturi yao. Wachimbaji walikuwa wamepasha misumari kwenye taa za kofia zao, wakairusha kupitia matundu ya wavu, mmoja ukamwingia kwenye kola na kumuunguza shingo. Mama mmoja mnene alipenyeza pini ya kofia akamchoma shavu la mguu, huku akimwombea laana kwa watakatifu wanne. Ondrej hakujikuna. Aliinua mpira, akalenga kushoto kabisa mwa kikapu, mahali pasipo na chochote.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mpira ukapaa, ukajipinda hewani kama mlevi anayekumbuka kwake, ukatumbukia kikapuni.

Kicheko kikakatika.

Zamu ya Garrity ilikuja upesi. Alilenga kikapu kama mtu mwaminifu, na mpira ukapita kando urefu wa mkono mzima. Wa pili akajaribu kukisia, akalenga kushoto, akakisia zaidi ya kipimo. Wa tatu haukugusa hata chuma. Wenyeji walimpigia makofi ya kumtia moyo, kwa sababu bado walikuwa wanampenda.

Siku hizo kila kikapu kikiingia, mpira hurudishwa katikati na kurushwa juu upya, na warukaji wawili husimama pua kwa pua. Kwa Port Alder mrukaji alikuwa Ondrej. Kwa Brannock alikuwa Garrity. Kwa hiyo walikutana pale mara nyingi kuliko mtu na mkewe.

"Mwambie refa kuna nini ndani," Ondrej alimnong'oneza. "Neno moja tu, Malachy, nasi tunabadilisha mpira."

"Nenda kuzimu."

"Nimetoka huko. Wanakusalimia."

Dakika ishirini za kwanza zilipokaribia kwisha, Port Alder kumi na tano, Brannock tisa. Garrity alikuwa ametupa adhabu saba na kuingiza moja. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba naye ana akili.

Alipata mpira karibu na kona, ambako ncha za waya hutokeza, na badala ya kupiga pasi akaubamiza kwenye wavu kwa nguvu zake zote. Ukasikika mlio wa nyoka. Mpira ukalala chini umenywea.

"Bahati mbaya," Garrity alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Refa, toa ule mwingine."

Ondrej aliuinamia mpira. Miezi mitatu ya kazi, na sasa imetoka upepo mbele ya macho yake. Pugh akafungua mfuko, akatoa mpira wa pili. Nao ulikuwa bapa kama chapati. Ulikuwa na mpasuko mmoja safi, wa kisu cha kukatia ngozi.

Pugh akauliza nani amefanya hivi. Mama Mrazová alikuwa ameegemea ufagio wake nje ya mlango wa wavu, kikongwe mfupi mwenye kitambaa cheusi kichwani.

"Panya," alisema.

"Panya gani anakata mstari ulionyooka hivi, mama?"

"Wa Brannock wamesoma, baba. Nipe huo wenye tundu niuzibe. Nimekaa na fundi miaka thelathini na minne."

Garrity alipinga, akasema aagizwe mpira kwa jirani, asubiriwe, mchezo uahirishwe. Mashabiki walimzomea kwa mara ya kwanza. Walikuwa wameacha mlo wa sikukuu mezani kuja kutazama mchezo, hawakuja kutazama mtu akitafuta visingizio. Na mwanamke mmoja akauliza kwa sauti, mbona Malachy anataka sana mchezo huu usiishe?

Swali hilo liliingia kwenye ukumbi na halikutoka tena.

Mama Mrazová alifungua kamba, akatoa kibofu cha mpira, akakiziba, akakirudisha, akajaza upepo. Ilimchukua robo saa. Wakati anamkabidhi refa, alimtazama Ondrej na hakukonyeza, wala hakuhitaji kukonyeza.

Kipindi cha pili kilikuwa karamu. Msomaji, sitakuficha, Ondrej alifurahi. Alifurahi kwa namna isiyofaa kusemwa kanisani. Kila faulo ilipochezwa na Garrity akaburuta miguu kwenda kwenye mstari, Ondrej alisimama mahali ambapo angeweza kumwona usoni. Aliona jasho. Aliona mikono inavyoanza kuogopa mpira, na ile tabia ya kuufuta kwenye bukta kabla ya kutupa, kana kwamba ubaya ulikuwa juu ya ngozi. Yeye mwenyewe alifanya vilevile miaka mitatu iliyopita, hapohapo, kwenye ubao uleule wa sakafu.

Wachezaji wenzake Garrity walimwomba amwachie mtu mwingine atupe. Pugh akasema jina lililoandikwa ndilo jina. Adhabu ya kumi ikapotea. Ya kumi na moja ikapotea.

Ya kumi na mbili ilipogonga wavu wa juu, sauti moja ilitoka kwenye ngazi, ya mzee mwenye kifua kilicholiwa na vumbi la makaa. Haikupazwa.

"Huyu ameuza."

Baada ya hapo walisema wote.

Pini za kofia zilihama. Msumari wa moto uliorushwa safari hii ulimpata Garrity sikioni. Yule mama mnene alimgeuzia laana zake zilezile, na watakatifu walewale. Ondrej alitupa adhabu nne za mwisho bila kuchomwa hata mara moja, na ya mwisho alishangiliwa. Port Alder thelathini na mbili, Brannock kumi na tisa.

Kipenga kilipolia, Garrity alikimbilia mlangoni. Watu walishaung'oa mlango komeo. Wakaingia ndani kama maji yanavyoingia kwenye shimo la mgodi. Mzee Juraj alikuwa miongoni mwao, anasukumwa na umati zaidi ya kwenda mwenyewe.

Walimlaza Garrity kifudifudi, wakauvuta mkono wake wa kushoto, wakauweka juu ya benchi la wageni. Mhunzi wa mgodi alitoka nyuma, yuleyule, na nyundo yake ndogo, ileile.

"Ni mpira," Garrity alipiga kelele. "Mpira una hila. Muulizeni Hudak, yeye ndiye aliyeuchagua."

Mhunzi alimtazama Ondrej. "Wewe umetupa mpira huohuo siku nzima. Una hila?"

Watu wakasogea karibu kusikiliza.

Ondrej angeweza kusema. Neno moja lingetosha, na lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini alikumbuka kwamba miaka mitatu iliyopita yeye naye alisema hivyohivyo, kwamba mpira ulikuwa unakataa, na Garrity akaulizwa kama nahodha. Garrity aliinua mabega tu.

Ondrej akainua mabega.

Nyundo ikashuka. Sauti ya kidole kuvunjika ni ndogo sana, msomaji, usidhani ni ngurumo. Ni kama mtu anavunja kijiti cha kuwashia jiko. Garrity alilia, na mhunzi akachagua kidole cha pili.

"Sasa basi," Ondrej alisema. "Mwacheni. Hakuuza ya leo. Aliuza ile nyingine."

Akawaambia yote, kwa kifupi. Fainali, fundi ngozi, wiki moja ya mtupaji wa Wexton, miezi yake mitatu. Mama Mrazová akathibitisha mbele ya watu kwa roho ya marehemu mumewe. Baadhi waliamini, wengine walisema maneno ni bure. Mhunzi akasema kama kuna kitu ndani, basi kionekane.

Mama Mrazová alitoa kisu cha marehemu mfukoni mwa aproni, akampa Ondrej.

Ondrej alikuwa ameisubiri dakika hii kuliko mlevi anavyosubiri baa ifunguliwe. Aliushika mpira, akageuka ili baba yake aone vizuri. Mzee Juraj alikuwa hatua tatu tu mbele yake. Midomo yake ilikuwa inacheza, na Ondrej alidhani anataka kuomba radhi. Kosa hilo alikuwa ameshalisamehe moyoni kabla radhi haijatamkwa.

"Hudak."

Ilikuwa sauti ya Garrity, kutoka sakafuni. Alikuwa amekumbatia mkono wake kifuani.

"Usikate. Nitasema mimi mwenyewe. Nitasema kwamba niliuza, nitataja na waliolipa, wamwite padri niape. Ila usikate."

"Unaogopa nini tena? Umeshakwisha."

"Siogopi kwa ajili yangu," Garrity alisema. "Nisikilize mara moja tu maishani mwako. Usikate."

Lakini nani husikiliza ushauri wa adui siku ya kisasi? Ondrej alichoma kisu kwenye mshono, akakivuta mpaka nusu ya mpira. Ngozi ikafunguka. Akaingiza vidole kati ya ngozi na bitana, akakikuta, akakitoa, akakiinua juu watu wote wakione.

Kilikuwa kipande cha soli ya buti.

Watu wakaguna kwa pamoja. Wanawake wakajipiga msalaba. Yule mhunzi, aliyekivunja kidole kisicho na kosa, aliidondosha nyundo, akaangalia chini. Wachezaji wa Port Alder walianza kumpigapiga Ondrej mgongoni. Jina lake lilikuwa limesafishwa, mchana kweupe, ndani ya wavu uleule uliolichafua.

Kisha ukimya ukaanza mbele na kurudi nyuma, safu kwa safu.

Pale Brannock hakuna mchimbaji anayeandika jina kwenye buti. Buti mia nne hukaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo, zote nyeusi, zote za duka moja. Kwa hiyo kila mtu hupigilia misumari ya soli kwa mtindo wake. Kuna wenye nyota, kuna wenye mviringo, kuna wenye herufi ya mke. Mtu akifukiwa mgodini hutambuliwa kwa hiyo. Kila aliyekuwa ndani ya ukumbi ule alijua kusoma soli kama padri anavyojua kusoma misa.

Kwenye kipande kile misumari ilikuwa imeng'olewa. Matundu yalibaki. Msalaba wenye miti miwili ya kukingama, mmoja juu ya mwingine, na tundu moja la ziada pembeni, chini kulia, lililokaa upogo.

Ondrej aliijua alama hiyo kabla ya kuyahesabu matundu. Alikuwa ameipigilia mwenyewe, jikoni kwao, mkesha wa Krismasi uliotangulia fainali. Msumari wa mwisho ulimteleza ukaingia kombo, baba yake akacheka, akasema uache hivyohivyo, sasa hakuna mtu atakayeiba buti zangu.

Alisikia watu wa nyuma wakiulizana ni alama ya nani. Wa mbele hawakuwa na haja ya kuuliza.

Mzee Juraj alivua kofia. Miaka mitatu hakuwa amesema neno na mwanawe, na sauti ilimtoka imekwaruza.

"Ni mguu wa kushoto wa buti zangu, mwanangu," alisema. "Niliukata mwenyewe nikampa Malachy. Wa kulia uko nyumbani, chini ya kitanda. Nimeshindwa kuutupa."

Watu wakamwachia Garrity. Mhunzi akainama, akaiokota nyundo. Mtu mmoja aliyekuwa nyuma ya wote aliuvuta mlango uliong'olewa komeo, akausimamisha mahali pake, akauegemea kwa mgongo ili asitoke mtu.

Ondrej ndiye aliyekuwa karibu na baba yake kuliko wote, na kisu bado kilikuwa mkononi mwake.